Mke Mwenza Mwenye Waranti

Amiri aliichukia ile mashine kabla haijatolewa kwenye boksi. Alilichukia na boksi lenyewe, maana wabebaji walilisukuma kwa adabu utadhani ndani mna maiti ya sultani, wakaliegesha palepale alipozoea kusimama yeye. Hakuna aliyemuuliza. Aliambiwa asogee tu.

"Songa kidogo, buda," alisema Cornelius. "Na usiiguse na hizo mikono za samaki."

Cornelius alikuwa meneja wa mkahawa, Mkenya wa Nakuru mwenye digrii ya kompyuta na tai aliyoikaza kama mtu anayeogopa kichwa kisimtoroke. Mkahawa wenyewe ulikuwa wa Kijapani, pale Al Thumama mjini Doha, karibu mno na uwanja wa ndege hivi kwamba ndege ikishuka, vikombe vya chai vinapiga gumzo mezani. Ukiingia unainamiwa. Anayekuinamia anaitwa Shaun, ni Mfilipino, na sifa iliyompatia kazi ni kwamba ukimtazama kwa mbali, na ukawa hujawahi kumwona Mjapani, basi ni Mjapani. Samaki katoka Norwei, mchele Marekani, na maji ya kuuoshea yametolewa baharini yakanyang'anywa chumvi yake. Kati ya ukumbi na jiko lilining'inia pazia lenye maandishi ya Kijapani yaliyonunuliwa mtandaoni. Aliyeweza kuyasoma alikuwa mzee mmoja tu, naye siku ya kwanza alipoyasoma alicheka mpaka akakaa chini, na hadi leo hajasema yameandikwa nini.

Nyuma ya pazia hilo ndiko ilikotoka ile sushi ambayo watu wa Doha waliisifu kwenye simu zao kwamba ina roho ya Japani. Roho hiyo ilikuwa ya Amiri, mtoto wa Pangani, mkoa wa Tanga. Mteja hapendi kuona tonge la Kijapani likikandwa na mkono mweusi, kwa hiyo mkono uliwekwa nyuma, sifa zikawekwa mbele, na kila mtu akala akashiba.

Kama huijui, sushi isikutishe. Ni tonge. Wamelizungushia vijiti, mishumaa na bei ya kumtoa mtu machozi, lakini ukilivua yote hayo ni tonge la wali uliotiwa siki na sukari kidogo, limefunikwa kipande cha samaki mbichi kama mgonjwa aliyevutiwa shuka. Kazi yote iko kwenye tonge. Ukilibana sana, mteja anatafuna jiwe. Ukililegeza, linamwagikia mtu kanzuni, na kanzu ya Doha ni nyeupe na mwenyewe ana binamu wizarani.

Amiri hakuletwa mjini hapa kukanda matonge. Aliletwa kuosha masufuria. Alisimama kwenye sinki la jiko lile mpaka kucha zikalainika kama karatasi iliyolowa, amevaa glavu za njano za mpira, anasugua mafuta ya watu asiowajua. Akaokolewa na chakula cha mchana. Wafanyakazi walikuwa wamekaa kula wali na mchuzi wa papa, wenzake wote wameshika vijiko, yeye anakula kwa mkono kama alivyolelewa. Mpishi mkuu, yule mzee Mjapani aitwaye Morita, ambaye vijana wa Kiswahili walimwita Babu, akaacha kutafuna. Aliona vidole vinakusanya, vinazungusha, kidole gumba kinasukuma, tonge linaingia mdomoni zima, kiganja kimebaki kikavu. Hakuna punje iliyoanguka.

Kesho yake Babu alimvuta sikio kutoka kwenye sinki. Hakulivuta kwa mzaha, alilivuta kwelikweli.

"Kwetu kijana anafagia kwanza," alisema kwa kile Kiingereza cha jikoni kisicho na vitenzi, ambacho nakuwekea hapa kwa lugha ya watu. "Halafu anaosha mchele, miaka. Ndevu zikiota ndipo anagusa tonge. Wewe mama yako kanimalizia kazi yangu bila kunijua."

Vikabaki vita vimoja, vya wali. Maana kwa mtu wa Tanga wali ukishikana ni aibu ya kuhamia nayo mji mwingine. Bibi harusi akipakua wali ulioshikana, mawifi hawali. Wanautazama, wanatazamana, na kabla ya alasiri mtaa wote umeshajua. Sasa huyu Babu alitaka hasa ushikane. Siku ya kwanza alipousifu wali mnato, Amiri aligeuka kutazama mlangoni asije akawepo mtu wa kwao anamwona. Lakini alijifunza. Aliujua mchele kwa kuusikia ukioshwa, aliupepea kwa kipepeo mpaka ukang'aa, akapewa ubao wake wa mti wenye harufu nzuri na mahali pake pa kusimama. Wabongo wenzake wa Abu Hamour, mtaa walikolala, wakamwita Shefu Tonge. Mama yake kule Pangani akatangaza kwamba mwanawe ni shefu Uarabuni. Habari za samaki mbichi hakuzitaja, kwa kulinda heshima ya ukoo.

Mahali hapo pa kusimama ndipo palipowekwa boksi.

Aliyeipa mashine jina lake la kudumu ni Zuleikha, mhudumu wa mezani, mtu wa Makunduchi, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kuparua samaki bila kisu. Aliingia jikoni trei kiunoni, akaona chuma kinachong'aa kikivuliwa nailoni, akaona na uso wa Amiri.

"Hee! Amiri weye! Ushaletewa mke mwenza!"

"Niache, dada Zuleikha."

"Nikuache n'ende wapi, na harusi iko hapa? Mtizame mwenzio alivyo mweupe. Tena kaja na waranti. Weye unayo waranti?" Akapiga kigelegele kimoja kifupi, cha kuchokoza, na Shaun kule mbele, aliyedhani ni mteja kaingia, akainama.

Cornelius akapiga makofi kutaka utulivu.

"Skizeni, watu wangu. Hii kitu haikuji kunyang'anya mtu kazi. Inakuja kusaidia."

"Kumsaidia nani?" Amiri aliuliza.

"Wewe."

"Kufanya nini?"

"Kupumzika."

"Nitapumzikia wapi?"

Cornelius alielekeza kidevu kwenye sinki.

Basi hapo kila mtu akajua pa kuketi. Mashine haijanunuliwa bado, imeletwa kwa majaribio. Ijumaa, baada ya swala, arbabu, yaani mwenye mkahawa, atakuja na familia yake kula. Ikiwalisha bila kukwama, inanunuliwa, ubao wa Amiri unakwenda stoo na Amiri anarudi kwenye masufuria. Ikikwama mbele ya arbabu, inarudi ilikotoka.

"Hii haiendi swala," Cornelius aliendelea, anaipapasa ubavuni kama mfanyabiashara wa ng'ombe. "Haikatwi kidole. Haina shemeji anaoa Tanga kila mwezi."

"Na siku watakayoleta mashine ya kuvaa tai," Amiri alisema, "wewe utaenda kupumzikia wapi?"

"Wacha wivu, Mbongo."

Wakaiwasha. Juu ina mdomo kama faneli, unamwagiwa wali. Ndani mna rola zinazousokota. Chini mna sahani inayozunguka, na juu ya sahani yakaanza kutoka matonge, moja baada ya jingine, yanafanana kama askari wa gwaride. Amiri alijikaza asitazame, akatazama. Yalikuwa matonge kweli, Mungu amlaani aliyeyabuni. Yalitoka kwa kasi ya kutukana. Cornelius alichukua video. Halafu mashine ikakohoa. Tonge likatoka nusu, likafuata robo, ikafuata punje moja peke yake kama mtoto aliyetumwa kuomba radhi. Wali ulikuwa umenatia kwenye rola. Taa nyekundu ikawaka na sauti ya kike, laini, ikasema maneno ya Kijapani.

"Inasemaje?" Cornelius alimuuliza Babu.

"Inasema samahani sana kwa usumbufu."

"Loo!" Zuleikha akashika kifua. "Na adabu anazo! Amiri, huyu kakushinda hata tabia. Weye lini umepata kusema samahani?"

Siku zilizofuata zikawa hivyohivyo. Mashine ilikula, ikatapika, ikaomba radhi. Cornelius aliivua, akaifuta, akaipa wali wa moto, akaipa wa baridi, akaibonyeza kwenye tableti yake na kusema tatizo liko kwenye programu, kwa sababu mtu aliyesomea programu huliona tatizo hapo daima, kama fundi wa viatu anavyokutazama miguu. Amiri akiwa pembeni alikanda matonge ya wateja huku akisikiliza kila kikohozi cha mwenziwe kwa furaha ya wazi isiyo na haya.

Babu, yeye, alikaa kwenye gunia la mchele, mikono magotini, akatazama. Hakusaidia, hakupinga. Mara nyingine ungedhani anatabasamu, kisha ukimwangalia vizuri huoni kitu.

"Babu," Amiri alimwambia, wamebaki wawili, "mbona kimya? Hawa wanataka kutuzika na wewe unawashikia taa?"

"Mimi namjua huyu," Babu alisema, akiinyooshea mashine kidole. "Tangu kijana. Baba yangu kule Osaka alikuwa na kibanda, watu wanane wakikaa kimejaa. Tonge kwa mkono, mtu kwa mtu. Mkono wa mteja ukiwa mkubwa, baba anakanda kubwa. Mwanamke mjamzito, anakanda dogo, hasemi kitu. Ng'ambo ya barabara wakafungua mkahawa wa mkanda. Unajua mkanda? Sahani zinazunguka mbele ya watu kama mabegi ya uwanja wa ndege, na nyuma yuko huyu, anatema matonge. Watoto wanacheka. Bei ya chini. Baba akasema, watarudi. Hawakurudi. Baba akawa anawaona wateja wake kupitia dirishani, wanangoja sahani izunguke. Mimi nikatoroka, nikaja huku jangwani, nikasema huku hatafika." Akatema neno la Kijapani ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. "Amenifuata kwa ndege. Wamemkatia tiketi."

"Sasa tufanyeje?"

"Tusifanye kitu. Ana koo jembamba. Mwache ale."

"Ndiyo hayo tu?"

"Usimguse. Unasikia? Wali uleule. Usibadilishe kitu."

Amiri aliondoka akitikisa kichwa. Mzee kaisha, alijiambia. Jogoo aliyenyonyolewa mara moja kwao, akiona kisu tena analala mwenyewe ubavu.

Pengine angemsikiliza hata hivyo, lau Cornelius asingejaliwa kipaji cha kuuma mtu penye kidonda. Kufikia Jumatano mashine ilikuwa inakwenda kitambo kirefu kabla ya kukwama, na meneja akaanza kupita jikoni akipiga mbinja za kanisani. Alhamisi aliubeba ubao wa Amiri, ule wa mti wenye harufu, akaupeleka stoo.

"Nataka kuona jikoni itakaaje ikiwa na nafasi," alisema.

Kisha akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na glavu za njano za mpira, mpya.

"Zijaribu, buda. Nisije nikaagiza saizi mbaya."

Zuleikha alikuwapo, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu. Hilo ndilo lililomwumiza Amiri kuliko glavu. Akazivaa. Ziliingia sawasawa.

"Zimekutosha," alisema Cornelius. "Poa sana."

Jioni ile Amiri alikwenda kwenye duka la Wasrilanka kule Abu Hamour, jirani na nyumba ya wafanyakazi, akanunua makopo ya tui zito la nazi, akayapanga kwenye mkoba kama mabomu. Zuleikha alimkuta mlangoni, naye kaja kununua bizari.

"Wapika nini, kaka'angu?"

"Sumu."

"Sumu gani ina picha ya mnazi?"

"Ya mke mwenza."

Akamweleza. Mpango ulikuwa wa mtu wa Tanga mtupu, na katika akili ya mtu wa Tanga haukuwa na tundu hata moja. Sushi inasimama kwa sababu wali umeshikana. Wali wa nazi, kila mwenye mama anajua, haushikani. Unachambuka punje kwa punje, kila punje inakwenda kivyake kama ndugu waliogombea shamba. Mashine haina vidole. Haiwezi kubembeleza. Ikipewa wali wa nazi itatoa chakula cha kuku. Arbabu ataletewa sahani ya punje, samaki amekaa juu yake kama aliyepata ajali, na mwisho wa Ijumaa boksi litarudi kwenye ndege.

"Na hilo tui mbona la kopo?" Zuleikha aliuliza. "Mie nna mbuzi chumbani, nikukunie nazi ya kweli?"

"La kopo linamtosha," alisema Amiri. "Adui hakuniwi nazi."

Ijumaa asubuhi mkahawa ulikuwa kama umetengenezewa dhambi. Cornelius alikuwa Mesaimeer kanisani, maana Doha hata Wakristo husali Ijumaa, na huko alikuwa na sauti ya nne kwenye kwaya. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba aliwaomba wanakwaya wote wamwombee, ila hakusema ni mashine ya wali. Alisema ni "mradi", na mama mmoja akafikiri ni uchumba akalia. Babu alikuwa amekwenda kupokea samaki mizigoni uwanja wa ndege, kwani hakumwamini mtu mwingine kuwatazama samaki machoni. Jiko likabaki la Amiri.

Alipika. Na hapa lazima isemwe kwamba alipika kwa uchungu lakini hakupika vibaya, kwa sababu mkono wa mtu haujui kuharibu kitu ulichofundishwa na mama. Tui liliingia kwa wakati wake, chumvi kwa kiasi chake, moto ukapunguzwa pale unapotakiwa kupunguzwa. Harufu ilipopanda, Pangani yote ikaingia jikoni na kukaa. Haraka akaimwagia siki na sukari ile ya kila siku ili kuificha, akawasha feni, akafungua mlango wa nyuma, akaenda zake kuswali huku anajisikia mwepesi kama mtu aliyekwisha lipiza.

Arbabu alifika na mkewe, watoto, na mama yake mzazi, bibi kizee aliyesukumwa kwenye kiti cha magurudumu kama malkia anayekwenda kukagua jeshi. Bibi huyu alijulikana. Kila alipoletwa hapa alimla samaki tu, akaurudisha wali umekaa safu kwenye sahani. Alikuja pia fundi wa mashine, aliyetumwa na wauzaji kushuhudia, mtu mpole wa Kerala mwenye bisibisi mfukoni. Cornelius alirudi kutoka kanisani na shati jipya. Babu alirudi na samaki, akawalaza, akachukua kiti chake cha gunia. Shaun akainama mpaka mgongo ukalia.

Cornelius mwenyewe aliumwaga wali kwenye faneli. Amiri alisimama kwenye sinki, glavu za njano mkononi, kwa sababu aliambiwa asimame hapo. Moyo ulimpiga kwa raha.

Mashine ikanguruma. Tonge la kwanza likatoka.

Lilitoka zuri.

La pili likatoka, la tatu, safu nzima. Amiri akasogeza shingo. Akangoja kikohozi. Akangoja taa nyekundu, akaingoja ile sauti ya kike kama mtu anavyoingoja simu ya mchumba. Mashine haikukohoa. Ilikwenda kama iliyopakwa mafuta, matonge yakateleza kutoka kooni mwake yamenyooka, yanang'aa, hakuna punje iliyobaki kwenye rola. Faneli ikaisha, ikajazwa tena, ikaisha tena. Ilikuwa inakula wali wa mama yake kwa hamu ambayo hata yeye mwenyewe utotoni hakuwahi kuwa nayo.

"Ona!" Cornelius alinong'ona, machozi yanamlenga. "Ona maombi!"

Zuleikha alibeba sahani kwenda mezani na kurudi na sahani tupu. Safari ya tatu alirudi amekunja midomo, akamkaribia Amiri kwenye sinki.

"Bibi kala," alisema kwa sauti ya chini.

"Kala samaki?"

"Kala wali. Samaki kampa paka wa mlangoni. Ataka tena."

"Uongo."

"Wallahi. Asema hii ndiyo sushi. Asema ile ya siku zote ilikuwa kama kulamba betri." Akasita kidogo, maana hata ulimi wake una mahali unapogota. "Asema yule aliyekuwa akikanda zamani afukuzwe."

Kabla Amiri hajajua pa kuyaweka maneno hayo, arbabu aliingia jikoni mwenyewe, kanzu nyeupe, uso umefunguka. Akampa Cornelius mkono. Akaipiga mashine kofi la mapenzi mgongoni. Akauliza, wamefanya nini leo hata ikaenda namna hii?

"Programu," alisema Cornelius bila kupepesa. "Tulirekebisha programu."

Yule fundi wa Kerala alikuwa amechota punje mbili kwenye faneli kwa ncha ya kidole. Akazilamba. Uso wake ukafanya kitu cha ajabu, ukawa wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa lugha ya nyumbani.

"Nazi," alisema. "Mmetia nazi! Vizuri kabisa. Mafuta ndiyo inayotaka. Viwanda vyote huko Japani wanatia mafuta kidogo kwenye wali wa mashine, ndiyo usinate kwenye rola. Ukishateleza, kukandamiza rola zinakandamiza zenyewe. Nilikuwa nashangaa kila mkinipigia simu kwamba imekwama. Nilidhani mpishi wenu mkuu ameshawaambia. Kila Mjapani wa kazi hii analijua hilo."

Watu wote wakageuka kulitazama gunia la mchele.

Babu hakuwatazama watu wote. Alimtazama mmoja, kwenye sinki. Aliinuka taratibu, akaenda kwenye faneli, akachota, akaonja. Akatafuna muda mrefu, kama anayetafuta ndani ya wali ule jina la aliyeupika, na alilipata. Akamjia Amiri mpaka pua zikakaribia kugusana.

"Nilikuwa namwua," alisema, taratibu, neno kwa neno, ili hata Kiingereza cha jikoni kisikosee. "Kimya. Siku zote hizi. Kwa kutomlisha mafuta. Bado saa moja afe. Nikakuambia usibadilishe kitu."

"Babu, mimi nilitaka..."

"Umemnyonyesha."

Akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo hajamwita Amiri kwa jina lake.

Mashine ilinunuliwa. Mkahawa ulichapisha menyu mpya yenye picha ya mnazi, na chini yake maelezo kwamba ladha hiyo imegunduliwa na akili ya kompyuta. Cornelius alipandishwa, sasa ana tai ndefu zaidi. Babu aliambiwa kwamba jikoni hahitajiki sana, ila sura yake ni mali. Akavishwa kimono, akawekwa mlangoni, na Shaun akafundishwa kusukuma kiti cha bibi kizee. Ukifika leo anayekuinamia ni Mjapani wa kweli. Anainama kidogo mno, na kwa chuki kiasi kwamba wateja husema ndiyo heshima ya huko kwao.

Amiri hakufukuzwa. Hakuna mwingine aliyejua kuupika ule wali, na bibi kizee alikuwa anaagiza mpaka nyumbani. Wakampa koti jeupe lililoandikwa "Opereta". Kila asubuhi anapika wali wa mama yake na kuumwaga kwenye faneli, tonge baada ya tonge linatoka, vidole vyake haviguswi na punje. Jioni anaifungua mashine, anatoa rola, sahani na lile koo jembamba, anavipeleka kwenye sinki, anavaa glavu za njano, anavisugua. Ndilo sinki lilelile. Zuleikha akipita na trei huwa hajizuii.

"Mwogeshe vizuri, kaka'angu. Na nyuma ya masikio."

Kule Pangani mama yake bado anasema mwanawe ni shefu. Kule Abu Hamour Shefu Tonge hakuna tena. Wanamwita Opereta, na wakila pamoja siku za mapumziko hujifanya hawaoni kwamba siku hizi anashika kijiko.

Asubuhi akipita mlangoni kuingia kazini, Babu amesimama pale na kimono chake, mikono imekutana tumboni. Wateja wote wanainamiwa. Amiri hainamiwi. Badala ya salamu mzee hutoa neno moja tu la Kiswahili, alilojifunza kwa ajili yake peke yake.

"Nazi," husema.

Amiri huingia jikoni, huvaa koti, huchukua kifungulio na kufungua kopo. Mbuzi ya Zuleikha ingali chumbani kwake, na mara kadhaa amesema ataileta, wali utakuwa mtamu zaidi, bibi kizee atafurahi. Amiri humkatalia. Wamemchukulia ubao, mahali pa kusimama, jina na wali. Lakini nazi ya kukunwa, mke mwenza yule hataionja, hata akiishi mpaka waranti yake iishe.